Kamera ya laki, memori ya soo saba

Tukikutana watu wa kamera tunaulizana mambo yale yale. Unatumia kamera gani, lenzi gani, hiyo taa ulitoa wapi. Hakuna siku mtu ameniuliza naweka memori kadi gani. Hata mimi sikuwa nauliza mtu. Kamera yangu ni ya mkono wa pili, na pamoja na lenzi vilinitoka karibu laki moja, pesa nilichanga mwaka mzima nikikula madondo. Halafu ndani ya hiyo laki nikaingiza memori ya soo saba. Imeandikwa GB 128, jina kubwa la kampuni, karatasi safi, rangi ziko sawa. Nikajiona mjanja.

Wacha niseme maoni yangu mapema, mwenye kukasirika akasirike: kama unalipwa kushuti na unatumia memori ambayo hujawahi kuipima, unamuibia mteja. Labda hujui, lakini unamuibia.

Najua juu nilifanya hivyo. Beste yangu alifiwa na guka wake, mazishi yakawa Murang'a, familia ikaniita nirekodi. Hawakuniita juu mimi ni mkali sana. Waliniita juu wananijua. Nilifika asubuhi, nikashuti kila kitu: kwaya, maombi, wanakamati, yule MC akitangaza kuna gari imefunga njia ya jirani. Mchana shosho akasimama. Mama wa watu hakuwa na karatasi. Aliongea kama dakika kumi na mbili, akasimulia walivyokutana na guka, akataja watoto wawili waliowazika wakiwa wadogo ambao hata mamake beste hakuwa amewahi kusikia majina yao. Kwa hema hakukuwa na sauti, hata watoto walinyamaza. Mimi nikiwa nyuma ya kamera naangalia ile taa nyekundu ikiwaka, najiambia hii ndiyo video.

Usiku nikiwa nyumbani nikafungua laptopu. Faili zote ziko. Majina yako, saa ziko, ukubwa umeandikwa. Lakini kuanzia video ya dakika ya arobaini hivi, hakuna inayofunguka. Ya shosho inaonyesha dakika 12 na sekunde 41, ukiibonyeza ni giza. Nilibaki na kwaya na lile gari lililofunga njia.

Nilijaribu kila programu. PhotoRec ni ya bure na imewahi kuniokoa mara mbili, lakini siku hiyo haikupata kitu, na baadaye nikaelewa kwa nini. Haikupata juu hakukuwa na kitu. Ile memori haikuwa GB 128. Ilikuwa GB 16 iliyofundishwa kusema uongo.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, juu wengi hudhani memori feki ni ile inayoharibika haraka. Hapana. Ndani ya kila kadi kuna chipu mbili za maana, kwa lugha rahisi: moja ya kuhifadhi, na nyingine ndogo inayoongoza, ambayo ndiyo huongea na kamera. Kamera ikiuliza "una nafasi ngapi?", hii ndogo ndiyo hujibu. Mtu wa feki hununua chipu ya kuhifadhi ya bei ya chini, halafu anaipanga ile ndogo ijibu 128. Kamera inaamini. Laptopu inaamini. Nafasi ya kweli ikiisha, kadi haisemi nimejaa. Inaendelea kupokea data, na kile inachopokea kinaenda mahali hapapo, au kinaandikwa juu ya cha zamani. Jina la faili linabaki, ndani ni hewa.

Na ndiyo maana feki hukubali kuishi na wewe miezi mitatu ukiisifu. Nilikuwa naitumia kwa video za TikTok, sekunde thelathini hapa, dakika moja pale, nikitoka nyumbani nafuta naanza upya. Sikuwa nimewahi kufika GB 16. Siku ya kwanza kufika ilikuwa mazishi.

Kwa hivyo kupima ni lazima, siku ile ile umenunua, kabla risiti haijapotea. Kwa Windows kuna programu inaitwa H2testw, kwa Linux na Mac kuna F3. Zote ni za bure na zinafanya kitu kimoja: zinajaza kadi yote mpaka mwisho, halafu zinasoma kila kitu tena kuona kama kiko vile kiliandikwa. Yangu iliandikwa GB 128, ikarudisha 14 na kitu. Kama hiyo ilikuwa ngumu kwangu? Hapana. Ningeifanya nikiwa nimelala. Sikufanya tu.

Kitu kingine kabla hujaanza kupigana na mwenye duka: ukiweka GB 64 halali kwa Windows itaonyesha karibu 59.6. Hiyo si feki. Kampuni inahesabu gigabaiti kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024. Usiwaaibishe watu bure.

Kuhusu kuchagua sasa. Nasikia vijana wakiambiwa bila kadi ya V90 huwezi kuitwa mtengenezaji wa maudhui. Nani aliwaambia? Angalia hesabu. Kamera nyingi tunazotumia hapa zikishuti 4K zinaandika megabiti 100 kwa sekunde. Hizo ni megabiti. Gawanya kwa 8 upate megabaiti: 12.5. Kadi yenye alama ya V30, au U3, inaahidi kuandika si chini ya megabaiti 30 kila sekunde bila kushuka. Yaani una zaidi ya mara mbili ya unachohitaji. V60 na V90 ni za watu wanaorekodi ile 4K nzito ya megabiti 400 na zaidi, na kama uko huko huhitaji ushauri wangu. Mpiga picha anayefuata magari ya Safari Rally kule Naivasha akipiga picha ishirini kwa pumzi moja atafurahia kadi ya kasi, kwa sababu kamera yake itamaliza kuhifadhi mapema. Wewe unayemshuti beste akijaribu nguo za mtumba, tulia.

Halafu ile namba kubwa mbele ya kadi, 170 au 200, huwa ni kasi ya kusoma, yaani kuhamisha video kwenda laptopu. Kamera inajali kuandika. Kwa hivyo wewe tafuta ile V ndogo na namba yake, au U ndogo yenye 3 ndani. Na kama kadi ina mistari miwili ya vile vyuma vya dhahabu nyuma, hiyo ni UHS-II, bei yake iko juu, na kamera kama Canon M50 au ile Sony ZV-E10 ya kwanza haziwezi kuitumia kwa kasi hiyo. Itafanya kazi, lakini umelipia barabara ambayo gari lako haliingii.

Nikiulizwa ukubwa, najibu GB 64 mbili kuliko 128 moja. GB 64 kwa 4K ya megabiti 100 inakupa kama saa moja na dakika ishirini. Ukijaza moja asubuhi unaitoa, unaifungia, mchana unaanza nyingine. Kadi moja ikifa, umepoteza nusu ya siku na bado una nusu. Najua kuna mtu atasema kubadilisha kadi katikati ya kazi ndiyo hatari, utaiangusha kwa nyasi. Ni kweli, imenitokea, nikatambaa kwa magoti dakika tano mbele ya wageni wa harusi. Bado nachagua kutambaa.

"Lakini mimi naanza tu, doh sina." Sawa, nakuelewa kabisa. Basi nunua GB 32 halali. Kwa video ya kawaida ya Full HD ya megabiti 50 unapata dakika 85 hivi, na hizo dakika 85 ni za kweli. Feki ya GB 128 inagharimu hiyo hiyo, wakati mwingine zaidi. Nunua mahali wanakupa risiti ya ETR na wanakubali urudishe ikikataa kupimwa. Ukiambiwa "bidhaa ikishatoka haturudishi", toka nje. Sheria ya bidhaa ghushi tunayo tangu 2008, lakini sheria haitakuwa na wewe pale chini ya hema.

Na tuache hii tabia ya kuazimana. "Niaje, niazime memori ya wikendi." Mtu anakurudishia imejaa picha zake, imekaa mfukoni na funguo, huijui tena. Betri nitakuazima. Stendi chukua. Memori, hapana.

Sasa kufomati, ambako naona watu wazima wakifanya maajabu. Fomati ndani ya kamera, kamera ile ile utakayoshutia, na si kwa laptopu. Kamera inatengeneza mpangilio wake na folda zake vile inavyotaka. Kadi ndogo mpaka GB 32 inapewa FAT32, kubwa zaidi inapewa exFAT. Laptopu inaweza kuchagua mpangilio mwingine ambao kamera haiwezi kusoma, na Mac huacha faili zake zilizojificha hata kama hukuziitisha. Kama kadi imegoma kabisa, SD Association wana programu yao ya bure ya kufomati. Itumie, halafu rudi ufomati tena ndani ya kamera.

Lakini swali ambalo mimi nalipa uzito ni lini. Wengi hufomati usiku baada ya kazi, wakiwa wamechoka, wamehamisha faili mara moja kwa laptopu, basi, "wacha nisafishe nilale". Huo ndio wakati mbaya kuliko wote. Hujafungua video hata moja kuona kama imehamia nzima. Laptopu ikiibiwa kwa matatu kesho, kwisha. Mimi nafomati asubuhi ya kazi inayofuata, nikiwa nimekunywa chai, baada ya kuhakikisha kazi ya zamani iko mahali pawili tofauti. Mpaka hapo kadi inakaa imesukumwa kile kidude cha pembeni cha kufunga, hata mtu akiichukua kimakosa kamera itakataa kuandika.

Na hii ya kufuta picha moja moja kwa skrini ya kamera ili upate nafasi, katikati ya sherehe, jua limekuchoma, bwana arusi anakuita? Hapo ndipo watu wamefuta pete. Ukiishiwa nafasi, toa kadi, weka nyingine. Na ukiona ile taa ndogo nyekundu bado inawaka, usifungue mlango wa kadi, hata kama mteja anakuharakisha.

Ukifomati kimakosa, usilie kwanza. Acha kushuti hapo hapo. Ile fomati ya kawaida hufuta orodha, haifuti vitu vyenyewe, na ukiacha kuandika mengine juu yake, PhotoRec inaweza kuvirudisha. Upande mwingine wa hiyo shilingi: ukiuza kamera na kadi yako uliyofomati juzi, aliyenunua anaweza kurudisha picha zako zote. Zote. Fikiria zilikuwa za nani.

Turudi Murang'a, juu mtaniuliza. Nilikaa na hiyo siri siku mbili, halafu nikapigia beste simu, yeye akampa mamake. Nilitarajia nitukanwe. Akasema tu, "Ni sawa, kijana wangu." Nikarudisha pesa yote, wakakataa, nikatuma tena kwa M-Pesa. Kuna binamu alikuwa amerekodi kwa simu kutoka nyuma, sekunde arobaini, hema linapigwa na upepo, shosho anaonekana mgongo. Hiyo ndiyo wako nayo. Yale majina ya watoto wawili hayamo. Beste alirudi baadaye kumuuliza shosho, akamwambia hayo yalishasemwa.

Kwa hivyo kama iko moja ya soo saba kwa begi lako saa hii, wala usibishane na mimi. Iweke kwa laptopu usiku wa leo, washa programu, ulale. GB 128 itachukua masaa. Asubuhi utaniambia ilirudisha ngapi.