Gari Likikwama: Nishati Iliyofichika katika Mkanda

Mvua za kusini huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na katika miezi hiyo njia za udongo za kata ya Mbekenyera, wilayani Ruangwa, hubadilika tabia. Mahali penye udongo wa mfinyanzi maji kidogo tu hutosha kuufanya ulegee. Gurudumu huzunguka papo hapo, hujichimbia shimo lake, na gari hukalia tumbo. Punde si punde watu hukusanyika: wakulima watokao shambani, watoto, na aghalabu wanafunzi wa sekondari, ambao wana nguvu za kusukuma na hamu ya kutazama. Gari la pili huja, kitu hufungwa kati ya magari mawili, dereva hukanyaga mafuta. Yanayofuata yamo yote katika vitabu vya fizikia vya sekondari, lakini ni nadra mtu yeyote aliyepo kuyahusisha na vitabu hivyo.

Kitu hicho kwa miaka mingi kilikuwa mnyororo. Nchi ya Nachingwea, ambayo Ruangwa ilikuwa sehemu yake hadi 1995, ilikuwa miongoni mwa sehemu za ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951; katika mradi huo hata minyororo ya nanga za meli ilikokotwa na matrekta ili kung'oa miti. Mnyororo basi una heshima yake. Ila siku hizi yaonekana mikanda mipana ya nailoni, ambayo sifa yake kubwa ni kurefuka. Nailoni ilitengenezwa mara ya kwanza 1935 katika maabara ya Du Pont huko Marekani, na wakati wa Vita Kuu ya Pili kamba zake zilitumika kukokota ndege zisizo na injini, kwa sababu uzi wake hunyumbuka na kurejea. Mkanda wa mita 9 huweza kurefuka kwa sehemu moja ya tano hivi bila kukatika.

Faida ya kurefuka haielezeki vizuri bila hesabu. Na ichukuliwe kwamba gari la kuokoa lina tungamo la kilo 2,500 na linakwenda mita 4 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia. Nishati mwendo yake ni nusu ya tungamo mara mraba wa mwendo, yaani jouli 20,000. Ichukuliwe pia kwamba gari lililokwama halisogei hata kidogo. Basi nishati hiyo yote itamezwa na kile kilichofungwa kati ya magari hayo. Mnyororo ukirefuka sentimita 5 tu, kani ya wastani itapaswa kuwa nyutoni 400,000, sawa na uzito wa tani 40. Hakuna mnyororo wa kawaida, wala ndoano, wala chasisi ya gari dogo itakayostahimili hayo. Kitu kitakatika kabla kani haijafika huko. Mkanda ukirefuka mita 2, kani ya wastani ni nyutoni 10,000, na kilele chake, iwapo mkanda unafuata ile kanuni ya unyumbufu aliyoichapisha Robert Hooke 1678, ni mara mbili ya hapo: nyutoni 20,000, uzito wa tani 2. Tena kani hiyo haiji kwa kishindo. Hujengeka kwa muda wa robo tatu za sekunde hivi, ambapo mnyororo ungeimaliza kazi yote katika sehemu mbili za mia za sekunde.

Kwa hiyo anayedai kwamba mnyororo ni sawa na mkanda amekosea, angalau pale ambapo gari litavuta kwa kushtua. Mnyororo una mahali pake: kuvuta taratibu, ukiwa umekwisha kukazwa, bila kuruka. Lakini madereva wengi wakishausifu mkanda huishia hapo, na ndipo hatari inapoanzia.

Zile jouli 20,000 hazikupotea. Zimo ndani ya mkanda, zikingoja kutoka. Gari lililokwama likichomoka, huchukuliwa nazo, na hilo ndilo kusudi. Lisipochomoka, na badala yake ikavunjika ile pingu ya chuma ya kuungia, au bampa ikang'oka, nishati hiyo hupata kitu chepesi cha kurusha. Pingu ya kilo 1 ikipewa jouli 1,000 tu, sehemu moja ya ishirini ya akiba yote, itaondoka kwa mwendo wa karibu mita 45 kwa sekunde, yaani kilometa 160 kwa saa. Mtu aliyesimama hatua kumi hana wakati hata wa kupepesa jicho. Mnyororo unapokatika nao hujeruhi, hilo lajulikana na linaogopwa. Ngurumo yake yenyewe huwaonya watu. Mkanda hufanya kazi kimya, na ni laini ukiushika. Kwa macho haufanani na kitu cha kuogopwa.

Nchini Australia, ambako mikanda hii hutumika sana nyikani, watu wamekufa kwa kupigwa na lile tufe la chuma la kufungia tela, ambalo madereva hulitumia kama mahali pa kufungia mkanda ingawa halikuundwa kwa kazi hiyo. Kanuni ya lazima ya usalama ilitolewa huko 2010. Hutaka mkanda uandikwe nguvu yake ya kukatika, ambayo inafaa iwe mara mbili hadi tatu ya uzito wa juu kabisa wa gari, na hutaka watu wasimame mbali walau mara moja na nusu ya urefu wa mkanda. Hiyo ni kanuni nzuri. Lakini kanuni iliyoandikwa kwenye lebo humfikia mwenye mkanda peke yake. Mbekenyera, watu walio hatarini ni ishirini au thelathini wasioiona lebo hiyo kamwe.

Hapo ndipo shule inapohusika. Kanuni ya Hooke hufundishwa kwa springi ndogo na vipande vya chuma vya gramu mia. Mwanafunzi huchora mstari ulionyooka, hupata alama zake, na jambo hukoma daftarini. Mwalimu asiye na springi anaweza kujaza sanduku mchanga na kulifunga uzi wa katani. Avute polepole, kisha alegeze uzi na kuushtua: uzi uliostahimili mvuto wa kwanza utakatika. Badala ya uzi atumie utepe uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli. Sasa mshtuo ule ule utalisogeza sanduku. Wanafunzi wasimame kando, na nyuso zao zisiwe kwenye mstari wa utepe, maana hata utepe huo una nishati ya kuumiza jicho. Eneo lililo chini ya mstari wa grafu, ambalo wengi hulikariri tu, litakuwa limepata maana.

Ama kwa vitendo barabarani, kazi ya kwanza ni ya beleshi. Tope mbele ya magurudumu na chini ya difu likiondolewa, matawi yakatandikwa na matairi yakapunguzwa upepo kidogo, mara nyingi mkanda hauhitajiki kabisa. Ukihitajika, ufungwe kwenye chasisi, mahali palipoundwa kwa kukokotea, na magari yawe katika mstari mmoja. Mikanda miwili isiunganishwe kwa chuma katikati, kwa kuwa chuma hicho ndicho kitakachokuwa risasi. Gunia zito lililolowa likilazwa juu ya mkanda hupunguza mruko wake. Dereva aanze taratibu, na mkanda upumzishwe kati ya mvuto na mvuto, kwani hauirudishi nishati yote: nyingine hugeuka joto. Nailoni ikilowa hupungua nguvu.

Kuwaondoa watazamaji ni kazi ngumu kuliko zote hizo. Kijana hawezi kumfokea mzee njiani. Si adabu, na mzee hataondoka. Lakini akisema, “Shikamoo babu, naomba tusogee huku, chuma kile kinaweza kuruka,” kisha yeye mwenyewe akatangulia kusogea, atafuatwa. Kwa mkanda wa mita 9 umbali unaotakiwa ni mita 13 na nusu, yaani hatua kubwa kumi na nne, zihesabiwe upande wa ubavuni, kwani mbele na nyuma ya magari ndiko mkanda unakoelekea. Wadogo watahesabu pamoja naye, na dereva asiingize gea mpaka hatua ya mwisho imekanyagwa.