Mtama Nao Unataka Kula

Wandugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi nyote wa mjini, leo tunawaletea neno la shamba. Msiseme halituhusu. Mwaka 2024 ukame uliunguza mahindi ya Zambia, na sisi wa Katanga tunakula bukari ya unga mwingi unaotoka kule. Kila mama wa nyumba anajua maana ya habari hiyo.

Mtama, ndio masaka ya wazee wetu, unavumilia jua kuliko mahindi. Lakini wako wanaosema kwamba masaka hayaombi kitu. Wanadanganyika. Tani moja ya punje inaondoka shambani na kilo 15 hadi 20 za azoti, na kilo 3 hivi za fosfori. Potasi nyingi hubaki katika mabua, nasi tunayachoma, azoti yake inapanda na moshi!

Udongo wetu mwekundu ni mzee, umeoshwa na mvua, una ukali wa asidi. Chuma na alumini zilizomo zinaikamata fosfori, mizizi haiipati. Wazee hawakuwa na maabara, lakini waliona: walipanda masaka juu ya vichuguu, maana udongo wa kichuguu una chokaa na ukali wake ni mdogo. Leo vichuguu hivyo, karibu na mji, tunavichimba kufanya matofali.

Basi, mbolea. Mfuko wa urea wa kilo 50 una azoti kilo 23, na sehemu yake inapotea kwa mvua. Mahali fosfori haipo, urea inaotesha majani tu, na franka za mfanyakazi zimekwenda bure. Tena urea ya kila mwaka inauzidishia udongo ukali. Kwa hiyo chokaa itangulie, fosfori iingie wakati wa kupanda, azoti nyingi ingoje mpaka mmea ufike magotini. Huko Niger na Mali wakulima wanapima mbolea kwa kifuniko cha chupa, shimo kwa shimo; mfuko mdogo unafika mbali.

Sasa tunauliza wakubwa wa jimbo na wa migodi. Mawe ya chokaa yapo Kakontwe, karibu na Likasi. Ninyi wa viwandani mnaona chokaa ikituliza asidi kila siku. Asidi ile ile inayoyeyusha shaba ndiyo inayogeuza mawe ya fosfati kuwa mbolea, na mawe hayo yapo Kanzi, Kongo-Central. Kwa nini mfuko utoke ng'ambo? Chokaa iliyosagwa iuzwe kwa wakulima kwa bei ambayo mshahara wetu unaiweza.

Na wewe mwenye kishamba pembeni ya mji, usingoje jibu lao. Wiki chache kabla ya kupanda, changanya chokaa katika mistari miwili, acha miwili bila chokaa, uitie yote mbolea sawasawa. Wakati wa mavuno pima punje kwa kilo, utuletee hesabu tuichape hapa.