Hesabu ya kurudi mbele ya kwenda



Mwezi huu baba mmoja wa Kamituga, mchimbaji wa dhahabu, ameniandikia hivi: «Pasta, watoto wangu wanajua ndakala wakavu wa sokoni tu. Ziwa lenyewe hawajaliona hata siku moja. Nimeweka feza kidogo kidogo. Nataka tufike Uvira, tutembee na Bujumbura, siku tatu, kisha turudi. Lakini mkubwa wangu ananicheka, ati ni kutupa feza. Wewe unasema nini?»

Baba, si kutupa feza. Feza ngapi za shimo zimekwisha kwa pombe, na hakuna aliyecheka? Mtoto aliyeona ziwa pamoja na baba yake atalisimulia hata akiwa mzee. Lakini safari isiyo na hesabu, hiyo ndiyo kutupa feza. Na hesabu ya kwanza ni ya kurudi.

Mimi mwenyewe nilianguka hapo. Nilipokuwa kijana, tulivuka Kavimvira na wenzangu kwenda kutazama Bujumbura. Tulikula, tulinunua vitenge, tulicheka. Saa ya kurudi tukashika mifuko: hakuna ya taksi. Tukatembea kwa miguu paka mpakani, tukakuta wamekwisha kufunga. Tulilala juu ya mkeka kwa watu wasiotujua, Mungu awabariki. Kule Uvira mama yangu hakulala, alidhani tumekufa maji. Kumbe tulikuwa wazima, lakini wajinga.

Basi tupange pamoja.

Kwanza, wakati. Chagua Julai ao Agosti: masomo yamefungwa, mvua imekatika. Katika Aprili 2020 mito ya Uvira ilifurika, ikaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Tazama na mwezi. Wavuvi wa ndakala hufanya kazi usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa hawapati kitu. Usiku wa giza ndipo watoto wataona taa juu ya maji, kama mji mwingine.

Pili, amani. Katika Desemba 2025 vita ilifika Uvira penyewe, na maelfu ya watu walikimbilia Burundi. Mpaka unaweza kufungwa kwa siku moja. Kwa hiyo mbele ya kuondoka uliza mtu anayekaa pale, si mtu aliyesikia. Mwaka 1858 wazungu wawili, Burton na Speke, walifika Uvira. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani ao unaingia. Wenyeji waliwaambia: unaingia. Wapiga kasia wakaogopa kuendelea, nao wakarudi bila kuuona. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikuja kwa mtumbwi toka Ujiji, wakaona kwa macho: unaingia. Miaka 13 ilipita, na jibu lilikuwa kwa wenyeji toka mwanzo!

Tatu, karatasi. Kila mtu na yake, hata mtoto mdogo, pamoja na karte ya chanjo ya homa ya manjano. Sheria za mpakani hubadilika, uliza upya.

Nne, feza. Gawanya katika bahasha tatu: kwenda, kukaa, kurudi. Bahasha ya kurudi aishike mama wa nyumba, na isifunguliwe hata mkiona kitenge kizuri namna gani. Ya masomo ya watoto isiguswe kabisa.

Sasa siku zenyewe. Njia ya Kamituga kupita Bukavu uihesabu mbali, haimo katika hizi tatu. Siku ya kwanza mtembee Uvira: bandari ya Kalundu, wavuvi, na mangaribi mle mukeke wa kuchoma. Msioge pahali popote bila kuuliza, kwani mamba na viboko wako. Na maji ya ziwa msiyanywe bila kuchemsha, kolera tunaijua sana hapa. Siku ya pili, asubuhi mapema, mwende Bujumbura, karibu kilomita 30. Kusini ya mji, pale Mugere, kuna jiwe kubwa: Livingstone na Stanley walilala pale siku mbili katika Novemba 1871. Wengine watawaambia ndipo walipokutana mara ya kwanza. Hapana, walikutana Ujiji. Uliza mpaka unafungwa saa ngapi, na mrudi mbele ya saa hiyo. Siku ya tatu mpumzike pwani, kisha mfungue bahasha ya mama.

Na kama mpaka umefungwa? Mbaki Uvira. Ziwa lina kilomita karibu 670 na linagusa nchi nne. Upande wetu peke yake unatosha kushangaza watoto. Na kama njia yenyewe ina vita, mbaki nyumbani na bahasha zenu. Baba, usione haya mbele ya mkubwa wako. Ziwa halikimbii. Watoto wazima watalikuta mwaka mwingine.

Mwende na amani, mrudi na amani.

Pasta wenu