Kisu cha Funguo: Ni Kidogo, Lakini Je, Kinadumu?

Kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia kina kovu. Kovu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

Kabla sijaitwa ofisini, naomba nieleweke. Kisu hakiruhusiwi shuleni, na mimi naiunga mkono sheria hiyo kwa mikono miwili. Visu ninavyovizungumzia hapa hulala nyumbani. Ni vile vidogo vya kukunja, virefu kama kidole, ambavyo watu huvitundika pamoja na funguo.

Mama yangu huuza viazi na vitunguu katika soko la Karatina. Kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa kutwa, nikitoka shule jioni mimi hupitia sokoni kumsaidia. Kazi yangu ni kukata kamba za magunia na kufungua neti za vitunguu. Mwaka jana nilinunua kisu cha funguo kwa jamaa fulani stejini. Kiling'aa mithili ya kioo, na bei yake ilikuwa mia moja tu. Nilijiona bingwa! Kumbe wahenga hawakukosea waliponena kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu.

Wiki ya tatu kisu kilianza kuchezacheza. Nikinunua cha pili, nacho kikashika kutu hata hakifunguki. Cha tatu ndicho kilichonimaliza. Jioni moja nilikuwa nikikata kamba ya nailoni, kisu kikajikunja chenyewe na kunifungia kidole. Lahaula! Damu ilitiririka juu ya viazi vya watu. Nilishonwa nyuzi tatu, na pesa alizolipa mama zahanati zilikuwa faida yake ya siku mbili. Wiki iliyofuata tulikuwa na mtihani, nami niliandika insha kwa mkono wa kushoto. Mwalimu aliyesahihisha anajua alichokiona.

Basi tangu siku hiyo kumekuwa na mabishano baina yangu na rafiki zangu. Mmoja anasema visu hivi vyote ni vinyago vya watoto, haviwezi kudumu. Mwingine anasema shida ni bei tu. Mimi nasema wote wawili wamepata nusu ya ukweli.

Anayesema ni vinyago simwamini kwa sababu ya babu yangu. Babu alikuwa mpagazi, akiwabebea watalii mizigo Mlima Kenya. Mwaka 1998 mgeni mmoja alimpa kisu chekundu cha funguo aina ya Victorinox, chenye urefu wa milimita 58 kikifungwa. Kampuni hiyo ilianzishwa na Karl Elsener nchini Uswisi mwaka 1884. Jina lake linatokana na Victoria, jina la mama yake, na inox, yaani chuma kisichoshika kutu. Kisu cha babu kingali kinafanya kazi hadi leo. Sisemi hakikuchakaa, la hasha! Kijiti cha meno na kibano vilipotea zamani. Springi ya makasi ilikatika. Ubavu mmoja wa plastiki ulipasuka, akaubandika kwa gundi. Kisu chenyewe kimekonda kwa kunolewa. Lakini ukikifungua, hakitikisiki hata kidogo.

Siri ni nini? Nimevichunguza visu vyangu vilivyokufa nikilinganisha na cha babu. Kisu cha kukunja huanzia kufa kwenye ribiti, kile kipini kinachokishikilia kwenye mpini. Ribiti ikilegea, kila kitu kimelegea. Cha pili ni springi iliyo mgongoni. Hiyo ndiyo hukizuia kisu kisijikunje, kwa maana visu vingi vidogo havina kufuli. Ikiwa dhaifu, kidole chako ndicho kitakachokuwa kufuli! Cha tatu ni chuma chenyewe. Katika Kemia tumefundishwa kwamba chuma hushika kutu kikikutana na maji na hewa. Kikichanganywa na kromiamu ya kutosha, hujifunika utando mwembamba sana unaokikinga. Jasho la mfukoni na maji ya vitunguu hayana huruma kwa chuma cha ovyo.

Lakini hapa sina budi kusema ukweli, hata kama utaniaibisha. Kisu cha tatu nilikitesa. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimekitumia kung'olea misumari kwenye kreti la nyanya. Kisu kidogo kimeumbwa kukata, si kuwa wenzo. Ukikikandamiza hivyo, nguvu zote huishia kwenye karibiti kadogo kasikozidi punje ya mchele. Babu hajawahi kufungulia soda kwa kisu chake. Kila akimaliza kazi hukipangusa, na kila mwezi hukisafisha kwa maji ya vuguvugu, akatoa nyuzi na vumbi la mfukoni, akakikausha na kukidondoshea tone moja la mafuta. Kinoo chake kiko chini ya kitanda. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Ikiwa una mia moja tu, usinunue kisu cha kukunja. Nunua kisu kidogo cha jikoni kisichokunjika, ukishonee ala ya ngozi au ya kadibodi ngumu. Hakina ribiti ya kulegea wala springi ya kuchoka, na kwa bei hiyo hiyo kitakutumikia muda mrefu kuliko kaka yake wa funguo. Hiki ndicho ninachotumia sasa sokoni, na mama amefurahi.

Wengine mtaniuliza, "Je, ukitaka cha funguo kwa vyovyote?" Haya, weka akiba kidogo kidogo upate kizuri, halafu ukijaribu kabla ya kulipa. Kifungue, ukishike ncha na kukitikisa kushoto na kulia: kikicheza, kirudishe. Kifunge ukisikilize: springi nzuri hulia "tap!" Angalia kama kinaingia katikati ya mpini bila kuukwaruza. Muuzaji akikukataza kukijaribu, jiendee zako. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kile cha kwangu kilitembezwa hadi dirisha la matatu!

Najua kuna atakayesema, "Kwani kisu cha mia moja ni jambo la kuandikia gazeti?" Ndugu yangu, hesabu. Visu vitatu ni mia tatu, na zahanati zaidi ya hiyo. Kwetu sisi hiyo ni pesa ya unga na daftari. Maskini ndiye anayeumizwa na vitu vya ovyo, kwa sababu ndiye hulazimika kuvinunua mara tatu.

Nawaomba walimu wetu jambo moja. Tunafundishwa kutu ni nini, lakini hatufundishwi kunoa kisu, kutia bawaba mafuta au kukagua kitu kabla ya kukilipia. Siku moja ya Chama cha Kiswahili, aalikwe fundi wa jua kali atufunze, na visu avibebe yeye, si sisi.

Nikiweka kalamu chini, kidole bado kinaniwasha kukiwa na baridi. Kila kikiniwasha namkumbuka yule jamaa wa stejini, kisha namkumbuka yule msichana aliyekuwa aking'oa misumari kwa kijisu. Wote wawili walikuwa na makosa.