Mgonjwa Asiwe Uwanja wa Majaribio ya Kompyuta

Hakuna maabara ya tiba inayostahili jina hilo inayoanza kutumia mashine mpya ya kupimia damu siku ileile inapotolewa kwenye boksi. Mashine hupitishiwa kwanza sampuli ambazo majibu yake yanajulikana, kisha matokeo yake hulinganishwa na ya mashine iliyotangulia. Hata baada ya kuanza kazi, sampuli za udhibiti wa ubora hutangulia kila siku kabla ya sampuli ya mgonjwa wa kwanza. Matokeo yakipotoka, kazi husimama mpaka sababu ijulikane.

Mtandao wa kompyuta wa hospitali haujapewa heshima hiyo. Mara nyingi toleo jipya la programu huwekwa moja kwa moja kwenye seva inayohudumia wagonjwa, foleni ikiwa imejaa. Jambo likienda mrama, wagonjwa huambiwa maneno wanayoyajua kwa moyo: "Mtandao unasumbua, subirini." Hoja yangu ni kwamba kila hospitali ya rufaa ya mkoa, tukianzia na ya Rukwa hapa Sumbawanga, iwe na maabara ndogo ya majaribio: mtandao wa pembeni unaofanana na ule wa kazini, ambamo kila badiliko litapimwa kabla ya kumfikia mgonjwa.

Mambo yanayotegemea mtandao si machache tena. Masijala, malipo, chumba cha daktari, maabara, dirisha la dawa na madai ya bima hupita katika kebo zilezile. Mfumo wa GoTHoMIS unatumika katika vituo vingi vya serikali za mitaa, na takwimu za kila mwezi hutumwa kupitia DHIS2. Mgonjwa aliyepanda ngazi ya bonde la Ziwa Rukwa kutoka Mtowisa, au aliyetoka Kasanga kando ya Ziwa Tanganyika, akiambiwa arudi kesho hana kwake pa kurudi jioni ile. Atalipia malazi, au ataondoka bila dawa.

Hata hivyo, mtandao uliozimika si hatari kubwa kuliko zote, kwa kuwa kila mtu anauona. Hatari kubwa ni kosa la kimya: jibu la kipimo kuingia katika jalada la mtu mwingine, au nukta ya desimali kuhama ili 0.5 isomeke 5. Kosa la namna hiyo halipigi kengele. Hugunduliwa tu na aliyelitafuta mapema, mahali ambapo haliwezi kumdhuru mtu.

Dunia imeshatupa mafunzo mawili, nayo yanatazamana. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry, kinachofunga mafaili na kudai fidia, kiliingia katika hospitali nyingi za Uingereza. Ilikadiriwa kwamba miadi zaidi ya 19,000 ilifutwa. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa tiba ya udhaifu huo tangu Machi mwaka uleule, lakini kompyuta nyingi zilikuwa hazijawekewa. Kisha tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike lilisambazwa duniani na kuangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5, zikiwemo za hospitali. Kwanza ulikuwa ugonjwa wa kuchelewa. Pili ulikuwa ugonjwa wa kuharakisha. Anayeogopa kuharibu huahirisha, na anayeogopa kirusi hukurupuka. Maabara ya majaribio humpa fundi njia ya tatu: kujaribu leo na kuweka kesho kwa uhakika.

Maabara hiyo haihitaji jengo. Inatosha chumba kinachofungwa, kompyuta moja yenye nguvu ya kutosha kubeba seva kadhaa pepe ndani yake, swichi, printa, na kompyuta mbili au tatu za zamani zinazofanana na zile za wodini. Kazi ya kwanza ni kuorodhesha kilichopo: seva, matoleo ya programu, ruta, mashine za maabara zinazotuma majibu, na nani ana ruhusa ya kuona nini. Kisha vilevile vijengwe kwa udogo. Mtandao huo usiunganishwe kabisa na ule wa kazini, la sivyo kosa la majaribio litavuka ukuta.

Taarifa za wagonjwa halisi zisiingizwe humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Watungwe wagonjwa wa kubuni: mtoto mchanga asiye na jina, mapacha, wanawake wawili wenye majina yanayofanana, mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa. Hao ndio wanaofichua kasoro za mfumo. Na wanaojaribu wasiwe mafundi peke yao. Muuguzi wa zamu na mtoa dawa huona kosa ambalo fundi hawezi kuliona.

Jaribio muhimu kuliko yote ni kurejesha nakala rudufu. Hospitali nyingi huhifadhi nakala, lakini nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu. Mara moja kila robo mwaka irejeshwe katika maabara, saa zihesabiwe, na idadi ya majalada ihakikiwe.

Wapo watakaosema kwamba programu hupimwa makao makuu, kwa hiyo mkoa hauna haja ya kupima tena. Ni kweli hupimwa, lakini si kwa umeme wetu. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilitegemea umeme ulionunuliwa kutoka Zambia, na kukatika kwake ni jambo tunalolijua. Swali la seva itafanya nini umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi jibu la kipimo hujibiwa hapa, kwa kuchomoa waya wa seva ya majaribio na kutazama.

Wengine watauliza fedha. Ni swali la haki mahali ambapo glavu zenyewe huweza kupungua. Lakini kompyuta zinazostaafishwa zipo, na programu za kuendesha seva pepe zipo zisizolipiwa. Kinachokosekana zaidi ni muda wa fundi, kwa kuwa fundi mmoja huitwa kila idara. Uongozi ukimtengea siku moja kwa wiki, maabara itaishi. Usipomtengea, itakuwa stoo.

Wagonjwa nao wana neno. Katika vikao vya bodi na kamati za afya, wawakilishi wao waulize maswali mawili: mfumo ukizimika, huduma inaendeleaje? Na badiliko la mwisho lilijaribiwa wapi kabla ya kutufikia? Kiongozi mwenye majibu atafurahi kuulizwa. Asiye nayo atakuwa amepata pa kuanzia.