Kisu cha Dakika ya Mwisho Kifundishwe Temeke na Mwananyamala

Mtoto wa miaka miwili aliyepaliwa huko Mbagala au Bunju hafikishwi kwanza Muhimbili. Hukimbizwa kwenye hospitali iliyo jirani, na anayemhangaikia pumzi ni mtaalamu wa usingizi wa zamu, mara nyingi muuguzi au tabibu aliyesomea fani hiyo. Mabingwa wa masikio, pua na koo wako mbali, na foleni ya Barabara ya Kilwa jioni haimpishi hata aliyekosa hewa.

Muda wenyewe ni mfupi mno. Kwa kila kilo ya uzito, mtoto mchanga hutumia oksijeni takriban maradufu ya mtu mzima, ilhali akiba ya mapafu yake ni ndogo. Kwa mtu mzima, njia nyingine zikishindikana, hupasuliwa utando ulio chini kidogo ya zoloto na kupitishwa mpira wa hewa. Kwa mtoto mchanga utando huo una kimo cha milimita 3 hivi, tena umejificha katika shingo fupi na nene. Hata kidole chenye uzoefu huukosa. Ndiyo maana kwa wadogo hupendekezwa mpasuaji afungue bomba la hewa lenyewe, chini zaidi. Asipokuwapo, hujaribiwa kanula, ambayo ushahidi wake kwa umri huo ni haba.

Wapo wasemao kwamba tukio hili ni adimu, hivyo saa chache za mafunzo zitumike kufundisha kushika kinyago barabara. Hoja hiyo ina uzito. Kinyago huokoa watoto wengi zaidi, na karanga iliyokwisha kushuka pafuni haitolewi kwa tundu la shingoni. Lakini uadimu huohuo ndio unaodai mazoezi, kwani hakuna atakayejifunza kazi hii kwa wagonjwa wa kila siku.

Kozi ya siku tatu ya SAFE ya usingizi kwa watoto ni msingi mzuri, ila mkono husahau. Mazoezi ya nusu saa kila baada ya miezi michache, palepale hospitalini, yangefaa zaidi kuliko semina moja ya mjini. Vifaa si ghali: watafiti wa Uswisi wamewafundisha wataalamu wa usingizi kwa mizoga ya sungura, ambao koo lao hukaribiana na la mtoto mchanga, na makoo ya mbuzi yapo Vingunguti.

Kigumu zaidi ni kuamua. Nani atatamka kwamba njia zote zimeshindikana, na nani atakata? Daktari anayefanya upasuaji wa uzazi kila siku hushika kisu kwa wepesi kuliko mtoa usingizi. Wawili hao wafundishwe pamoja, wakubaliane kabla ya zamu kuanza, na trei yenye kisu na kanula ndogo ikaguliwe pamoja na mtungi wa oksijeni.