Nyoka Mwenye Kichwa cha Kitambaa

Sarafu za Rwanda za mwaka 2003 zilichorwa mazao ya shamba: mtama kwenye faranga 1, kahawa kwenye faranga 5, mgomba kwenye faranga 10. Miji ya dola ya Rumi nayo iliweka katika sarafu zake kile ilichokitegemea, na mara nyingi alikuwa nyoka. Huko Iskandaria, enzi ya Kaisari Nero, alichorwa nyoka mwema mlinzi wa mji, amevikwa taji, masuke ya ngano kando yake. Pergamon ilimweka nyoka wa Asclepius, mungu wa uganga, ambaye angali akiizunguka fimbo katika alama ya Shirika la Afya Duniani.

Lakini wa ajabu kuliko wote ni Glykon wa Abonoteichos, mji mdogo wa pwani ya Bahari Nyeusi, katika Uturuki ya leo. Sarafu za enzi ya Antoninus Pius (138–161) zamwonyesha amejikunja, na jina lake limeandikwa wazi. Siri yake imeelezwa na Lucian, mwandishi wa zama zile zile, naye hakuficha chuki yake. Alexander, aliyejiita nabii, alinunua nyoka mkubwa mpole, akamficha kichwa, akatokeza mahali pake kichwa cha kitambaa chenye sura ya mtu, kinywa kikifunguliwa kwa nywele za farasi. Jibu moja la mungu huyo liliuzwa drakma 1 na oboli 2.

Si wanyonge tu waliodanganyika. Gavana Severianus aliuamini utabiri huo, akaingia Armenia mwaka 161, akaangamia pamoja na jeshi lake. Baadaye, katika vita vya mto Danube, nyoka aliagiza simba wawili watupwe mtoni ili ushindi upatikane. Simba waliogelea hadi ng'ambo. Adui wakawaua kwa marungu wakidhani ni mbwa wa kigeni. Kisha, asema Lucian, askari wapatao 20,000 wa Rumi walipotea. Nabii akajitetea kwamba mungu alitabiri ushindi, ila hakutaja wa nani.

Tauni ilipoenea, watu waliandika mstari wa utabiri wake juu ya milango. Nyumba hizo ndizo zilizofiwa zaidi, labda kwa kuwa wenyewe waliacha kila tahadhari nyingine.

Alexander alikuwa amejitabiria miaka 150 na kifo cha radi. Alikufa kwa kidonda cha mguu kabla ya kutimiza 70. Sarafu za Glykon ziliendelea kutengenezwa hadi katikati ya karne ya 3.